Tulivyokwenda Nebraska kwa Ajili ya Ukuta wa Qurum

Tangu turudi, siendi mahali nisiulizwe. Kwenye arusi moja huko Ansab mmoja wenu alinivuta pembeni akataka kujua kama ni kweli Mjomba Salim kaharibika akili huko Marekani. Mwengine kasikia kwamba tulilishwa nyama ya haramu. Mwengine, na huyu namjua kwa jina na kwa gari lake, anasema mimi ndiye niliyemjaza maneno mzee wa watu mpaka posa ya mjukuu wake ikavunjika. Kusimulia vipande vipande nimechoka, maana kila kipande kikifika Al Khoudh kimeshaota mkia. Basi hii hapa safari nzima. Mambo ya viza na tikiti nayaruka. Hayakuwa na ladha kwangu na hayatakuwa na ladha kwenu.

Qurum, kabla ya kuondoka

Kwa msiomjua: Mjomba Salim ni kaka mkubwa wa Mama, mzee anayeukaribia umri wa miaka themanini, mstaafu wa wizara, mpenda kahawa na mpenda kushinda mabishano. Mwaka huu aliijenga upya majlisi, yaani sebule ya wageni, ya nyumba yake ya Qurum hapa Maskati, na ukuta mmoja akauweka kwa ajili ya ukoo. Alitaka ramani, picha, jambia la babu yake, na maandishi makubwa ya kusomwa na kila mgeni. Maandishi akanipa mimi, kwa kuwa nafundisha historia chuo kikuu. Nilimkumbusha kwamba ninachofundisha ni historia ya Marekani. Akasema historia ni historia tu.

Babu yake alikuwa mtu wa misafara. Alitoka Oman kijana akafika Unguja, akavuka bara, akashika njia ya magharibi kwa miguu mpaka Tabora, mpaka Ujiji, mpaka Manyema ng'ambo ya ziwa, akitafuta pembe za ndovu. Mjomba alitaka ukuta useme kuwa mzee huyo alifungua njia ya bara na kuingia nchi isiyo na wenyewe. Nikamwambia wenyewe walikuwapo, na baadhi yao waliletwa pwani na msafara huo huo bila ya kupenda.

Mmoja wao sote tunamjua. Bibi yao Mjomba na Mama, aliyemzaa baba yao, alitolewa Manyema mtoto, akakulia katika nyumba ya babu, akawa suria wake, yaani mtumwa aliyezaa na bwana wake. Unguja walimpa jina la Zafarani. Kisheria watoto wa suria ni waungwana kama wengine na wanarithi kama wengine, na nyumba ngapi hapa Maskati zina bibi wa namna hiyo, nyinyi wenyewe mnajua. Lakini hatumtaji. Kwenye nasaba iliyochorwa kwa ajili ya ukuta ule, baba yake Mjomba alikuwa na baba tu, mama hana.

Nikasema siandiki ukuta wa mtu aliyezaliwa bila ya mama. Mjomba alinuna siku kadhaa, kisha akanijia na hoja yake.

"Hao Wamarekani wako," akanambia, "si walikwenda magharibi na magari ya ng'ombe wakaijenga nchi? Jee, wanawaonea haya babu zao? Yallah, twende ukanioneshe wanavyoandika. Nikiona nao wamejisema, n'takusikiliza. Nikiona hawakujisema, utaandika kama nnavyotaka."

Ilikuwa hoja, lakini pia ilikuwa hamu. Mjomba alipokuwa mdogo Unguja, kila Idi fedha zake ziliishia sinema kutazama wapanda farasi na magari yenye paa la turubai. Mpaka leo akikaa kwenye kiti kirefu huinua mguu kama mtu anayepanda farasi.

Nilijua atakachokikuta, maana ndicho ninachofundisha. Vitabu vya zamani vya Marekani vilihadithia mashujaa wanaoijaza nchi tupu, na vikasema mwendo huo wa magharibi ndio uliomfanya Mmarekani awe Mmarekani. Vya baadaye vikauliza nchi hiyo ilikuwa ya nani, nani alifukuzwa, nani alijenga reli, na kama wanawake waliopakiwa kwenye magari yale walitaka kwenda au hawakutaka. Wanafunzi wangu hubishana juu ya hayo muhula mzima. Mjomba sikumwambia. Nilitaka asome mwenyewe.

Mama, yeye alikuwa na neno moja. Hiba, mjukuu wa Mjomba, alikuwa ameposwa na kijana wa familia ya ndani ya Oman, watu wema, lakini wenye kuuliza asili ya mtu kabla hawajauliza jina lake.

"Nendeni mkatembee," Mama akasema, "lakini Bibi mwacheni alale. Mtoto yule akiharibikiwa, dhima ni yako, Nasra."

Maskati mpaka Chikago

Mjomba alisafiri na tende, buni iliyosagwa na hiliki, birika yake ya chupa, vikombe vidogo, na bakuli la halwa la kuwapa watu njiani. Nilimwambia Marekani kuna chakula. Akaniuliza kama kuna halwa.

Tulifika Chikago salama, lakini kabla ya kuunganisha ndege ya ndani mizigo ya mkononi ikapekuliwa tena. Kijana wa ukaguzi alilishika bakuli, akalitikisa, akaitazama halwa inavyocheza, akasema hiki ni kitu cha majimaji na hakipandi ndege. Mjomba akamfahamishia kwa Kiingereza chake cha skuli ya Unguja kuwa hiki si maji, ni sukari, samli, wanga na zafarani, kisha akafungua kifuniko akamkaribisha aonje. Yule kijana akarudi nyuma kama aliyeoneshwa nyoka. Akasema haruhusiwi. Mjomba akasema hakuna sheria duniani inayomkataza mtu halwa. Foleni nyuma yetu ikaanza kuhema.

Bakuli likaenda kwenye pipa. Mjomba hakukasirikia kupoteza halwa. Alikasirika kwamba mtu amekaribishwa akakataa, jambo ambalo kwake halina jina. Ndege yenyewe ikacheleweshwa na radi, na muda wote tuliokaa pale alinieleza jinsi babu yake alivyokuwa akipokewa na machifu wa bara kwa heshima. Nikamuuliza kama machifu nao walikataa halwa. Akanambia nikae kimya nisome kitabu changu.

Missouri

Tulikodi gari, nikashika usukani mimi, tukaanzia mji mdogo ambako misafara ya magari ya ng'ombe ilikuwa ikijipanga kabla ya kuondoka. Mjomba alipata kila alichokitamani. Palikuwa na sanamu kubwa: baba na bunduki, mama na mtoto mchanga, fahali wawili wameinamisha vichwa, wote wanatazama magharibi. Palikuwa na nyumba ya makumbusho ya zamani ambamo kila maandishi yalisema ujasiri, subira, nchi pana inayongoja mkulima. Wenyeji wa asili walitajwa pembeni, pamoja na mafuriko na kipindupindu, katika orodha ya hatari.

"Unaona?" Mjomba akasema. "Unaona wenzetu?"

Alipiga picha kila ubao. Sikutia neno, na siku nzima alikuwa na furaha ya mtoto, nami nikafurahi kumuona hivyo, ingawa niliona anakotaka kunipeleka.

Chakula cha mchana tulikula kwenye mkahawa wa barabarani. Mhudumu alikuwa mama wa makamo, kila akileta kitu anamwita Mjomba "mpenzi wangu". Mpenzi wangu unataka chai, mpenzi wangu umeshiba. Mara ya kwanza Mjomba alitazama nyuma. Mara ya pili akaiweka sawa kofia yake. Mara ya tatu akaninong'oneza niulize kama yule mama ni mjane. Nikamwambia huko kila mteja huitwa hivyo, hata dereva wa lori aliyekaa meza ya pili. Hamu ya chai ikamwisha.

Kando ya Mto Platte

Nebraska ni barabara iliyonyooka na mahindi. Mto Platte upo pembeni, mpana, hauna kina, umejaa visiwa vya mchanga, na magari ya zamani yaliufuata huo huo kwenda magharibi. Tulisimama kwenye majani kando ya kituo cha mafuta kusali adhuhuri na alasiri pamoja. Mjomba alikuwa kwenye sijda ndefu pale dereva mmoja wa lori aliporuka chini na chupa ya maji mkononi, akamkimbilia, akidhani mzee kaanguka. Nilikuwa nimeshatoa salamu, nikamzuia. Alingoja, kofia mkononi, mpaka Mjomba akamaliza, kisha akampa maji hivyo hivyo. Mjomba akampa tende. Huyu hakukataa, na heshima ya Marekani ikarudi kidogo.

Magharibi ya Nebraska, pale nchi inapoanza kuinuka na majabali kujitokeza, tulifika makumbusho madogo yanayotunzwa na Bi Ruth, mwanamke mwembamba mwenye mvi zilizosukwa, mzaliwa wa hapo, ambaye mababu zake walikuja na magari yale yale. Nje palikuwa na vibao vitatu kwa mstari. Cha kwanza, cha chuma, kilisema hapa walipita waliokuja kulitiisha na kulilima jangwa. Cha pili, cha miaka ya baadaye, kilitaja kwamba nchi hii ilikuwa ya makabila yaliyoitwa "marafiki na maadui" wa wasafiri. Cha tatu kilianza hivi: hapa ni nyumbani kwa Walakota, wenyeji wa asili, na wenzao, na watu waliopita hapa waliambiwa hakuna mtu. Kikaeleza nyati walivyomalizwa, mikataba ilivyosainiwa na kuvunjwa, na wasafiri wenyewe walivyozika watoto wao kando ya njia.

Mjomba alivisoma vyote vitatu, akarudi cha kwanza, akavisoma tena.

"Kwa nini hamkuking'oa cha zamani?" akamuuliza Bi Ruth.

"Ili watu waone kwamba tulisema hivyo," akajibu. "Tukiking'oa tutajifanya hatukusema."

Tukakaa kwenye benchi, Mjomba akatoa birika na vikombe akamkaribisha kahawa. Nyinyi mnajua mambo ya kahawa yetu: mgeni akishatosheka hukitikisa kikombe, asipokitikisa anaongezwa. Bi Ruth hakujua. Alikuwa akimaliza anamrudishia Mjomba kikombe kwa adabu, Mjomba anajaza, naye kwa adabu anakunywa. Nilikuwa nimezama kwenye kibao cha tatu, nilipogeuka nilimkuta mama wa watu macho yamemtoka. Nikamuonesha namna ya kutikisa. Akatikisa kwa mikono miwili, na Mjomba akacheka mpaka kikohozi.

Kahawa ile ilimfungua Bi Ruth maneno. Mjomba akamuuliza kama anaamini babu zake walikuwa watu wabaya.

"Walitaka ardhi, wakaichukua ya watu," akasema. "Na walikuwa wema kwa watoto wao. Zamani tukiandika la pili tu."

"Na watu wenu walikubali?"

"Dada yangu hajatia mguu hapa tangu tuweke hicho cha tatu. Ananiambia nimewavua nguo wazee wetu barabarani."

Mjomba alinitazama, kisha akaitazama birika. Nilijua anamfikiria Mama, maana maneno hayo Mama angeweza kuyasema bila ya kubadilisha hata moja. Kabla hatujaondoka, Bi Ruth alimpigia simu rafiki yake wa upande wa kaskazini, mmoja wa walioandika kibao cha tatu, akamwambia kuna mzee wa Oman anauliza maswali mazuri.

Kaskazini, kwa Bwana Leon

Bwana Leon ni Mlakota, mwalimu mstaafu, mkubwa wa mwili na mpole wa sauti. Anaishi na mama yake katika nyumba ya mbao katikati ya nyika, na mama huyo ni mkongwe kuliko Mjomba. Tangu tulipoingia alimwita Mjomba "kijana", nami nikaona Mjomba anavyopata shida kulipokea hilo. Walikuwa wamepika: supu ya nyama ya nyati, maharage, mahindi, na mkate wa kukaanga ambao, wallahi, ni andazi. Mjomba alieleza kwa adabu kuwa nyama isiyochinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu hatuli. Wakatuongezea maharage na andazi bila ya kinyongo. Anayesema tulilishwa haramu sasa kashajua.

Kabla ya kukaa, bibi yule alichukua sahani ndogo, akatia kidogo cha kila kitu, akasema maneno kwa lugha yao, akaiweka kwenye pembe ya meza mbele ya kiti kitupu. Kisha tukakaa sote.

Hakuna aliyekula. Mjomba alikunja mikono juu ya mapaja akatulia. Bwana Leon akatulia. Bibi akatulia akimtazama Mjomba. Mvuke wa supu ukapungua, kisha ukaisha. Nikamuuliza Mjomba kwa Kiswahili kulikoni.

"Mgeni wao hajafika," akanambia. "Sahani yake ile pale. Watu wa adabu hawa, wamemtilia kabisa. N'taanza mie kula na mtu hajaja?"

Nikafahamu kuwa na wao wanamngoja yeye, kwa sababu kwao mgeni mzee ndiye anayeanza. Tungekaa hivyo mpaka jua lizame. Mwishowe bibi akauliza kama chakula kina kasoro.

"Chakula hakina kasoro," Mjomba akasema. "Namngoja mwenzetu." Akaonesha kiti.

Bwana Leon alicheka akashika meza. Bibi hakucheka. Alimwambia Mjomba kwamba ile ni sahani ya watu wao waliotangulia, waliokufa njiani, waliokufa na njaa, wale ambao wakati wa uhai wao hapakuwa na mtu wa kuwaita mezani. Huwekewa wao kwanza.

"Hata msiowajua majina?" Mjomba akauliza.

"Hao ndio hasa."

Mjomba akasema bismillahi, akakata andazi, akala. Sote tukala. Baada ya muda, bila ya kuulizwa na mtu, akasema, "Bibi yangu alikuwa hali na sisi."

Akawaeleza, kwa Kiingereza, wale watu wawili asiowajua, jambo ambalo sijawahi kulisikia Qurum tangu nizaliwe. Kwamba bibi yake aliletwa kutoka nchi ya mbali akiwa mtoto, katika msafara wa babu yake Mjomba mwenyewe. Kwamba katika nyumba ya mwanawe wa kumzaa alikula mwisho, kwenye mkeka, mlangoni mwa jiko, watu wote wakishamaliza. Baba yake Mjomba alikuwa akimwita, mama njoo ukae na sisi, naye akijibu kila siku kuwa keshazoea. Wajukuu walidhani ni tabia yake, kama wengine wanavyopenda chai bila ya sukari.

Nililia, na sioni haya kuwaambieni. Bibi mwenyeji alimjazia Mjomba kikombe.

Njiani kurudi Mjomba alinikanya. "Usije ukafika Maskati ukasema nimeingia dini ya watu. Sisi wafu wetu tunawaombea dua. Ile sahani ni yao. Lakini yule mama kanishika pabaya."

Wyoming, kwenye mwamba

Upepo ulituweka. Barabara kuu ilifungwa kwa magari mepesi, tukakaa kwenye kituo cha mafuta pamoja na madereva wengine tukila bisi na kutazama malori yanavyoyumba. Mjomba hakubishana na mtu, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko upepo.

Ulipotulia tukaenda mahali ambapo njia ya magari ya ng'ombe ilipanda juu ya mwamba laini. Gari juu ya gari, magurudumu yaliukata mwamba ule mpaka ikawa mifereji miwili, kina chake kinafika pajani kwa mtu mzima. Kama angekuwa yule Mjomba wa Missouri angepiga picha mia. Aliingiza fimbo yake mferejini, akaivuta, akakaa juu ya jiwe.

"Babu alikwenda na kurudi ile njia ya Tabora miaka mingapi ya maisha yake," akasema. "Na watu wengine kabla yake na baada yake. Huko hakuna hata mchirizi kwenye jiwe."

"Hawakuwa na magari, Mjomba."

"Nnajua hawakuwa na magari. Mizigo ilikwenda vichwani mwa watu. Watu wamekufa, na mizigo imeuzwa." Akaigonga fimbo kwenye mwamba. "Muandike Bibi, Nasra."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu Qurum, na yalipokuja sikufurahi kama nilivyotarajia. Nilimuuliza habari ya Hiba.

"Hiba n'takwenda kumuuliza mwenyewe, ni haki yake. Na mamako Zuwena n'tamwambia mie, usimwambie wewe, atakumaliza."

Mpango ulikuwa twende mpaka Oregon, kwenye bahari ya upande wa pili, ambako misafara ilikuwa ikiishia. Mjomba akasema bahari anazo nyingi nyumbani, turudi. Tukashuka Denver tukapanda ndege, na safari hii hakukuwa na halwa ya kunyang'anywa.

Qurum tena

Aliyofanya Mjomba aliyafanya hadharani, kwa hiyo na mimi nayaandika. Alimwita Hiba, akamueleza yote, akamwambia ukuta hauandikwi mpaka yeye aseme ndiyo. Hiba ni mhandisi, hazungumzi sana. Alimwambia, "Babu, kama watanikataa kwa ajili yake, heri iwe sasa. Nikishazaa watakuwa wanawakataa wanangu." Mjomba akamwambia akalale nalo. Kesho yake akamuuliza tena, jibu likawa lile lile. Kwa hiyo anayesema nilimtia maneno mzee, ajue kuna msichana aliyeulizwa mara mbili.

Maandishi niliandika mimi, Kiarabu na Kiswahili, na Mjomba akayapunguza mpaka yakabaki mafupi. Yanasema babu yetu alikwenda magharibi kufanya biashara ya pembe katika nchi za watu. Yanasema alirudi na watu ambao hawakuchagua kuja. Mmoja wao alikuwa mtoto, akaitwa Zafarani, naye ni mama wa baba yetu. Jina alilopewa na mama yake hatulijui.

Mama aliposikia hakugombana. Alifunga simu, na akaacha kuja Qurum.

Watu wa kijana walikuja kwa kahawa, wanaume kwenye majlisi kama kawaida. Nilikuwa ndani na wanawake, lakini Mjomba alinieleza. Babu wa kijana aliusoma ukuta wote, amesimama, fimbo mkononi. Akauliza kama haya ni kweli. Mjomba akasema ni kweli. Mzee akarudi kukaa, akanywa kahawa, akatikisa kikombe, wakazungumza habari za mvua na barabara mpya, wakaagana kwa adabu zote. Siku chache baadaye mama wa kijana alimpigia simu mama yake Hiba akasema hapana nasibu. Ni maneno hayo tu, na hapa kwetu hayahitaji nyongeza: posa imevunjika. Kijana alimuandikia Hiba kwamba anasikitika. Hiba alilia chumbani, kisha akaenda kazini na miwani ya jua. Mjomba alikonda. Nilimuuliza kama tuuondoe ukuta, akanitazama kwa hasira, akasema kishafanyika kilichofanyika, na kwamba Bibi hashuki tena pale.

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, Mama akaja. Hakusema amekuja kwa nini. Alimkumbatia Hiba, akamuuliza kama anakula, kisha akapita moja kwa moja kwenye majlisi, ambamo alikuwamo Mjomba peke yake, na mimi nikamfuata kwa kuogopa ugomvi. Mama anasoma polepole. Alisoma na kidole, mstari kwa mstari, mpaka kidole kikasimama.

"Hapa mmeandika mtoto," akasema. "Mtoto wa umri gani?"

"Nani anajua, Zuwena," Mjomba akasema. "Waliojua wote wamekufa."

"Mie nnajua."

Mjomba alinyanyua uso. Mama hakumtazama, alikuwa bado anautazama ukuta.

"Siku nilipong'oka jino langu la kwanza, nilimkimbilia Bibi kumuonesha. Nilidhani atacheka. Akanikumbatia akalia mpaka nikaogopa. Akanambia yeye alipochukuliwa kwao, meno yake ya utoto yalikuwa yote kinywani. La kwanza lilimtoka njiani. Akalishika mkononi mpaka pwani, kwa sababu hakuwa na wa kumuonesha."